Betri Aliyedai Jembe

Usiku wa kuamkia leo niliota napiga hodi kwenye boksi.

Boksi lenyewe ni la kweli. Liko sebuleni kwetu hapa Tukuyu, juu ya kochi la wageni, tangu Jumatano. Ndani yake mna UPS, kile kisanduku chenye betri ambacho huishikilia kompyuta umeme ukikatika, walau dakika chache, mtu akahifadhi kazi yake na kuzima kwa heshima. Jumatano hiyohiyo nilitaka kuifungua na kuiunga. Mama mdogo Tulinagwe, ninayeishi naye, akasimama kati yangu na boksi.

"Hicho kimetoka wapi?"

"Mbeya mjini, mama mdogo."

"Na kabla ya Mbeya?"

"China, labda."

"Kimesafiri kutoka China, kimefika leo, na leo hiyohiyo unakituma kazi? Mgeni siku mbili, Subilaga. Ya tatu ndiyo umpe jembe. Au wewe hukufundwa?"

Wanaocheka hawajawahi kubishana na mama mdogo. Mgeni akawekwa kwenye kochi, akafunikwa kitambaa cha kufuma, na jana Alhamisi, siku yake ya pili ya ugeni, umeme ukakatika nikiwa katikati ya kazi ambayo haikupaswa kukatwa.

Kazi ni hii. Mwalimu Ambokile wa kwaya yetu ametunga wimbo wa sauti nne kwa ajili ya mashindano ya Jumapili. Karatasi yake ililowa mvua njiani, nota zikayeyuka, wimbo ukabaki kichwani mwake peke yake. Kwa hiyo huja kwangu, husimama nyuma ya kiti, huimba, mimi nikachapa. Kurekodiwa kwenye simu hataki. Anasema sauti iliyofungiwa kwenye simu huzoea kutoka bila mwenyewe. Sauti ya kwanza, ya pili na ya nne zimo kwenye kompyuta. Ya tatu umeme umeshaila mara mbili. Jana aliiimba mara ya tatu, mwanzo hadi mwisho, na kidole changu kikiwa kinashuka kwenye kitufe cha kuhifadhi, giza likaingia. Sikujua kama kidole kiliwahi au kilichelewa.

Mwalimu alichukua mwavuli wake.

"Mara ya nne siimbi, Subilaga. Mimi si redio."

Bila sauti ya tatu hakuna wimbo, na bila wimbo kwaya haiendi popote Jumapili. Nikalala nikiliwaza neno hilo.

Ndipo nikajiona nimesimama mbele ya kochi, napiga hodi.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani ya boksi.

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hapigi hodi kwake."

"Nimefundwa."

"Basi karibu ndani."

Boksi likajifungua. Ndani amekaa Betri, mfupi, mweusi, mzito, amekunja miguu ambayo hana. Amevaa miwani na anasoma karatasi ya maelekezo.

"Siku ya kwanza nilipewa kochi," anasema bila kuinua macho. "Siku ya pili nikapewa kitambaa. Jembe langu liko wapi?"

"Bado ni usiku. Siku ya tatu ni kesho."

"Ndani ya boksi hakuna kesho. Kuna kungoja tu."

Naona ana hoja. Nakwenda uani, narudi na jembe. Analipokea, anaupima mpini kwa kidole, anagonga bapa mara mbili na kusikiliza.

"Ni zuri," anasema. "Lakini silimi na njaa. Na sili kabla hawa wawili hawajapatana."

Ananionyesha ubavu wake. Pana waya mbili. Mwekundu amekaa mahali pake, ametulia. Mweusi amegeuka upande, ananing'inia hewani, ncha yake imebandikwa plasta kama mtu aliyeamua kutosema.

"Imeandikwa hapa," Betri anasoma. "'Kwa usalama wa safari, waya mmoja umetenganishwa. Uunganishe kabla ya matumizi.' Sasa, watu hawaunganishwi hivihivi. Mshenga ni nani?"

Mama mdogo Tulinagwe anatoka jikoni amejifunga kitenge kipya, kikapu mkononi. Hashangai. Hata akiwa macho sijawahi kumwona akishangaa.

"Tulikuwa tunapita njia," anamwambia Mweusi, "tukaona ua limechanua. Tukasema tuulize kama lina mwenyewe."

"Mlikuwa wapi safari nzima?" Mweusi anauliza, bado amegeuka.

"Meli ilikuwa inayumba, mwanangu. Mngegusana ovyo mkaunguza watu."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

Mwekundu anakohoa. "Mimi nimekaa hapahapa tangu kiwandani. Sijahama."

"Hiyo ndiyo posa?"

"Ndiyo yote niliyo nayo."

Mweusi anabandua plasta yake mwenyewe, anaikunja vizuri, anampa mama mdogo aitie kikapuni. Anasogea. Wanapogusana inaruka cheche moja ya buluu, nami naruka nyuma hatua tatu.

"'Cheche ndogo ni jambo la kawaida,'" Betri anasoma.

"Hata yangu ilianza hivyo," anasema mama mdogo, na kupiga kigelegele kimoja kifupi, kama karani anayegonga muhuri.

Sasa ni kula. Namtafutia ukuta wenye soketi, na ukuta haupo. Umehamia ng'ambo ya shamba la chai. Nauona kwa mbali, mweupe, umesimama peke yake kwenye ukungu. Namfunga Betri mgongoni kwa kitenge na kuanza kutembea kati ya mistari ya chai. Ni mzito kama mtoto aliyelala.

Njiani tunakutana na mtu mrefu, mwembamba, mwenye midomo minne. Namfahamu. Ni waya wa ekstensheni wa chumbani kwangu.

"Mambo, dada," anasema kwa mdomo wa kwanza. "Mbona unajichosha?" anasema kwa wa pili. "Niunge mimi, mimi nitaungana na ukuta," kwa wa tatu. Wa nne unatafuna.

"Ni mtu wa namna gani?" Betri anauliza kutoka mgongoni.

"Amebeba redio, chaja mbili na friji la jirani."

"Mwambie asante. Chakula kilichopita midomo minne kinanifikia kimeshatafunwa."

Tunampita. Anatufuata kidogo akitaja majina ya wakubwa anaofahamiana nao, mpaka anajikanyaga, anaanguka, anajifunga fundo. Anabaki pale akijifungua mwenyewe na kujilaumu kwa midomo yote.

Soketi ana uso wa kila soketi: macho mawili yamelala chini, na mdomo mmoja umesimama wima kwenye paji, kama mtu aliyechorwa kichwa chini.

"Umetuma mtu au umekuja mwenyewe?" anamuuliza Betri.

"Nimekuja mwenyewe."

"Hapo ndipo napenda. Kaa. Mara ya kwanza unakula saa nane mfululizo. Hakuna kuinuka, hakuna kufungasha."

Saa zenyewe zinakuja kwa mstari. Ni wanawake wanane, kila mmoja na sufuria ya uji kichwani. Wa kwanza ana haraka, ameacha mtoto kwa jirani. Wa pili anapuliza kila kijiko. Wa tano ana habari ya msiba wa Busokelo, anaisimulia mpaka uji unapoa, na hakuna anayethubutu kumkatiza. Wa saba amesahau mwiko, anarudi nyumbani kuuchukua, na hiyo safari nayo inahesabiwa. Wa nane anakung'uta sufuria mpaka tone la mwisho.

"Ameshiba?" namuuliza.

"Mimi nitajuaje? Tazama kifua chake."

Kifuani mwa Betri taa ndogo ya kijani inawaka.

"Ndaga fijo," Betri anawashukuru, kwa Kinyakyusa safi kabisa.

"Umejifunzia wapi?" namuuliza.

"Kwenye kochi. Mama mdogo wako huongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto."

Nikigeuka, shamba la chai limekuwa kanisa. Mistari ya chai imekuwa mabenchi, bado ina majani. Kushoto kumebandikwa kibao: WENYE BETRI. Kulia kingine: WASIO NA BETRI. Mimi ndiye mhudumu wa mlangoni; nimevaa utepe begani na sina budi kujua kila mtu anakaa wapi. Betri amesimama mbele, jembe begani.

Kompyuta anaingia wa kwanza, mzee mnyamavu, anapumua kwa feni. Ameshikwa mkono na Kioo chake, mwenye uso mpana usiosema kitu mpaka uambiwe.

"Kushoto, baba. Kushoto, mama. Karibuni sana."

Kisha mlango unajaa. Ni Printa. Amevaa vitenge viwili na kilemba, na anashika njia ya kushoto bila kuniangalia.

"Mama, samahani. Wewe ni kulia."

Anasimama. "Sikusikia vizuri."

"Upande wa kulia, mama."

"Mimi? Mimi ninayewachapia kadi za harusi, mimi ninayewachapia ratiba za mazishi, leo nikakae na wasio na kitu?"

"Kulia nako unalindwa dhidi ya radi. Radi ikipiga haitakugusa."

"Chakula kipo?"

"Umeme ukiwepo, kipo."

"Na usipokuwepo?"

"Unalala."

"Nilale! Watu wako kushoto wanakula, mimi nilale!"

Betri anashuka polepole, anamkaribia, anaongea naye kwa sauti ya chini, kama mzee wa kanisa anayempooza mama mkwe.

"Dada yangu, mimi nina dakika kumi tu. Wewe ukikohoa mara moja, saba zimekwenda. Si kwamba hupendwi. Ni kwamba una nguvu mno kwa mtu wa kimo changu."

Printa anafikiria hilo. Anatengeneza kilemba.

"Wangesema hivyo tangu mwanzo," anasema, na kwenda kulia, akilijaza benchi zima kwa fahari.

Wa mwisho anaingia mama mdogo, kitenge chake kimetuna tumboni.

"Mama mdogo, umebeba nini?"

"Kitabu cha nyimbo."

"Mbona kina waya?"

"Ni toleo jipya."

Anapita na kukaa kushoto, mwisho wa benchi. Najua si kitabu. Lakini namwamkia mtu huyu shikamoo kila asubuhi. Siwezi kumpekua kanisani.

Na hapo Umeme anainuka.

Sikujua kuwa alikuwa amekaa humo muda wote. Ni mwanamke mrefu mwenye koti la mvua na buti. Anachukua mkoba wake.

"Natoka kidogo," anasema.

"Unarudi saa ngapi?" nauliza.

"Nikirudi mtaniona."

Anapanda dirishani, anakanyaga waya wa nguzo, anaondoka kwa miguu juu ya waya, nguzo hadi nguzo, kuelekea Kyela, bila kugeuka. Hamuagi mtu. Upande wa kulia wote unalala papo hapo. Printa anaanza kukoroma.

Upande wa kushoto unaniangalia mimi.

Betri anatema mate mikononi, anainua jembe, analipiga sakafuni. *Pi.* Udongo unafunguka, na humo anachimbua bonge la mwanga, kama kiazi. *Pi.* Bonge jingine. Kompyuta anapumua. Kioo anafumbua macho.

"Kumi," Betri anasema. "Tisa. Fanya ulichokuja kufanya."

Nilichokuja kufanya kimesimama mlangoni. Ni wanaume wanne wamevaa majoho ya kwaya, wamelowa chapachapa, wanatetemeka. Nawatambua kabla hawajasema. Ni Sauti ya Tatu.

"Mara mbili tumeachwa barabarani," anasema wa mbele. "Tunafika mlangoni, giza, tunasukumwa nje. Mara ya kwanza tulilala mtaroni."

"Ingieni upesi."

"Hatuingii kwa kusema. Tunaingia kwa kuandikwa."

Kweli. Kompyuta amefungua kifua chake kama kabati, na ndani naona Sauti ya Kwanza, ya Pili na ya Nne wamekaa kwenye viti, wana vikombe vya chai, kiti kimoja kirefu kiko wazi. Nakaa. Naanza kuchapa. Nota kwa nota, yule wa mbele anakauka, anapata rangi, anafuta miguu, anaingia.

*Pi*, linasema jembe. "Saba."

Wa pili anaingia. Anapewa chai.

Nyuma yangu nasikia harufu ya kitambaa cha moto. Mara jembe linakwama ardhini. Mwanga unanywea. Betri anavuta mpini kwa mikono miwili na mwili wake umekonda, mbavu zinahesabika.

"Nani anakula?" anauliza. "Kuna mtu anakula kwa sufuria!"

Nageuka. Mama mdogo ametandaza joho juu ya benchi, na kile kitabu cha nyimbo ni pasi.

"Kola moja tu!" anasema. "Jumapili tusimame mbele ya watu na kola kama majani ya mgomba?"

"Mama mdogo, chomoa!"

"Upande mmoja umebaki—"

"Chomoa, mama mdogo! Utaniulia wimbo!"

Sijawahi kumpandishia sauti. Anachomoa, anaikumbatia pasi kifuani ingawa ni ya moto, na kwa mara ya kwanza namwona ameshangaa.

"Nisamehe, mgeni," anamwambia Betri.

"Nilikuwa mgeni," Betri anasema, jasho linamtoka. "Sasa nina jembe. Zimebaki mbili."

Sasa linalia bila kupumzika. *Pi, pi, pi.* Nachapa. Mwanaume wa tatu anaingia bila hata kufuta miguu yote miwili. Najongea kwa wa nne, namkuta ameanguka kizingitini, amelala chali, midomo imebadilika rangi.

"Ana nini?" nawauliza wenzake.

"Mstari wa mwisho," wanajibu kutoka ndani ya Kompyuta, vikombe mkononi. "*Umenishika mkono gizani, sikuanguka.* Umetungwa wote kwa pumzi moja, na ile *gizani* inavutwa mpaka mtu anaona nyota. Kila tukiuimba, mmoja anaanguka." Mmoja wao anaongeza: "Juzi nilikuwa mimi."

Mwalimu Ambokile yuko juu ya Printa, amekaa kama aliyeko juu ya ng'ombe, mwavuli umefunguliwa.

"Mwalimu," namwambia, "naomba niweke pumzi moja. Baada ya *gizani*. Alama ndogo tu."

"Wimbo wangu hauna tundu."

"Mwalimu, mtu anakufa."

"Watu wamekufa miaka yote, na nyimbo hazikutobolewa."

"Moja," anasema Betri. Amepiga goti. Anaongea kwa shida. "Dakika moja, binti. Ya kubishana inatosha. Ya kuandika na kuhifadhi inatosha. Ya vyote haitoshi."

Namwangalia Mwalimu. Ndiye aliyenifundisha kusoma nota, nikiwa darasa la tano, akinigonga mdundo begani kwa penseli. Sijawahi kubadilisha nukta katika kazi yake. Namwangalia mtu aliyelala kizingitini. Anaangalia dari kwa upole, kama anayejua kuwa hili halimhusu yeye.

Naweka alama. Ni ndogo kama jino la panya, baada ya *gizani*.

Kanisa zima linavuta pumzi. Mabenchi yanainuka kidogo, majani ya chai yanatikisika, hata Printa anaacha kukoroma. Mwanaume wa nne anaketi. Anasema, "Ahaa," kama mtu aliyepewa maji. Anasimama, anaimba mstari wake wote, *gizani*, anapumua, *sikuanguka*, na kuingia ndani. Kiti kinajaa. Nabonyeza hifadhi.

Hakuna kelele. Kuna sauti ndogo tu kama kufuli linalokubali.

"Bado," anasema Betri. Kutoka kiunoni mwake unatoka waya mwembamba, wa kunong'oneza tu, unaofika sikioni mwa Kompyuta.

"Mzee," Betri ananong'ona, "sasa ulale."

"Nilale na watu ndani?"

"Wameshalala."

Kompyuta anachungulia kifua chake, anahakikisha, anakifunga taratibu asiwaamshe. Feni yake inapunguza mwendo, inasimama. Kioo anafumba macho. Betri analaza jembe chini, anajinyoosha kando yake.

"Kazi nzuri," anasema. "Imekwisha bila haraka. Hivyo ndivyo kazi inavyopaswa kwisha."

Giza linaingia, nalo halinitishi hata kidogo. Ni kama blanketi ambalo mtu mwingine amenifunika.

Kutoka juu ya Printa, sauti ya Mwalimu:

"Umetoboa wimbo wangu, Subilaga."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tutaongea."

Nikaamka.

Kumekucha. Mvua imekatika, na taa ya sebuleni, ambayo jana hakuna aliyekumbuka kuizima, inawaka, umeme umerudi. Boksi liko kwenye kochi chini ya kitambaa chake. Nimelikagua pande zote. Utepe wake wa gundi haujaguswa.

Kabla sijanawa uso nikasikia hodi. Ni Mwalimu Ambokile, mwavuli mkononi.

"Sikuja kuimba," akasema. "Nimekuja kujua kama tunakwenda Jumapili au tunawaambia watu wapumzike."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Washa."

Mama mdogo akaja na chai, akasimama nyuma yetu, hakunywa. Nikawasha. Kompyuta ilichukua muda wake wote. Nikafungua faili. Sauti ya kwanza. Sauti ya pili. Nikashuka chini taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Sauti ya tatu ilikuwepo. Yote. Mstari kwa mstari, mpaka mwisho.

Mama mdogo akapiga makofi mara moja. Mimi nikaegemea kiti na kuangalia juu. Kidole kilikuwa kimewahi.

Mwalimu alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa kidole juu ya kioo, akivumisha puani. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tano. Kichwa chake kinatikisika: sawa, sawa, sawa. Akafika wa mwisho. Kidole kikasimama.

"Subilaga."

"Naam, Mwalimu."

"Hii ni nini?"

Nikainama. Baada ya *gizani*, juu kidogo ya mstari, palikuwa na alama ndogo, nyembamba, imeinama kama jino la panya.

"Ni pumzi, Mwalimu."

"Naijua pumzi. Jana niliiimba?"

"Hukuiimba."

"Wewe uliiweka?"

"Jana sikuweka kitu chochote ambacho hukuimba, Mwalimu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Angeweza kunipima kwa mizani, asingekuta uongo.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Alama bado ipo. Alimwangalia mama mdogo, na mama mdogo akaangalia chai. Kisha, taratibu, kama mtu anayejaribu ubao wa daraja kwa mguu mmoja, Mwalimu akauimba mstari wa mwisho. *Umenishika mkono gizani.* Akafika kwenye alama. Nikaona mabega yake yakipanda, kifua kikijaa, shingo ikilegea. *Sikuanguka.* Neno likatoka zima, refu, likapita dirishani na kwenda zake migombani.

"Chapa nakala arobaini," akasema Mwalimu Ambokile. "Na usiiguse hiyo."